Dada unayefanya kazi ya kompyuta, tatizo si mwili wako

Msomaji wangu, kuna swali ambalo wanawake wanaofanya kazi kwenye kampuni za teknolojia huliuliza sana pindi wanapopata ujauzito: je, mionzi ya kompyuta itamdhuru mtoto? Wengine hawamfikishii daktari swali hilo. Wanamuuliza shoga wa ofisini au mama mkwe, na jibu wanalorudi nalo ni kwamba waache kazi mapema kabla mimba haijaharibika.

Naanza na jibu ili tusipotezeane muda. Kioo cha kompyuta hakiharibu mimba. Hofu hii ilianza zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakati kompyuta zenye vioo vizito kama televisheni za zamani zilipoingia maofisini huko Marekani na Ulaya, na wanawake wa ofisi moja moja wakaanza kuhesabu mimba zilizotoka miongoni mwao. Lilikuwa swali la haki na lilichunguzwa. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini walichapisha matokeo yao. Waliwalinganisha wanawake wapokea simu waliokuwa wakitumia kompyuta kutwa nzima na wenzao waliofanya kazi inayofanana bila kompyuta. Kiwango cha mimba kuharibika hakikutofautiana. Na vioo vya leo, vile vyembamba, hutoa mionzi kidogo zaidi kuliko vile vya wakati ule.

Kwa hiyo kama u mjamzito na unaandika programu, unapokea simu za wateja au unatunza kumbukumbu za benki, usiikimbie kompyuta.

Lakini usigeuze ukurasa bado. Kuiondolea hatia kompyuta hakuiondolei hatia kazi yenyewe. Hoja yangu wiki hii ni kwamba wanawake wengi wa sekta hii wanaugua kwa sababu kazi imepangwa kana kwamba anayeifanya hapati hedhi, hashiki mimba, hanyonyeshi na hana mtu wa kumrudia nyumbani. Wakishaugua, wanaambiwa, na wao wenyewe wanaamini, kwamba miili yao ni dhaifu.

Walioambiwa wana mkosi

Hebu tuangalie kwanza yaliyowapata wanawake wanaotengeneza kile kitu kidogo kinachoendesha simu yako, yaani chipu.

Miaka ya 1980, katika kiwanda cha kampuni ya Digital Equipment Corporation kilichokuwa Hudson, jimbo la Massachusetts, wafanyakazi walianza kuona kwamba mimba zinatoka mno miongoni mwao. Watafiti wa chuo kikuu waliitwa, na mwaka 1986 majibu yao yakatoka: wanawake waliofanya kazi kwenye baadhi ya sehemu za kutengeneza chipu walipoteza mimba kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao. Mwaka 1992 tafiti nyingine mbili kubwa, moja ya kampuni ya IBM na nyingine ya umoja wa watengenezaji wa chipu wa Marekani, zikaonyesha hatari ileile. Mshukiwa mkuu alikuwa kemikali za kundi la glaikoli etha zilizotumika viwandani humo. Baada ya hapo viwanda vya Marekani vikaanza kuziondoa.

Korea Kusini nako kulikuwa na binti aitwaye Hwang Yu-mi. Alianza kazi kwenye kiwanda cha chipu cha Samsung akiwa ametoka tu sekondari. Mwaka 2007 alifariki dunia kwa saratani ya damu akiwa na miaka 22. Mwenzake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja kwenye kituo kimoja naye aliuawa na ugonjwa huohuo. Baba yake Yu-mi, dereva wa teksi, alikataa kuamini kwamba ni bahati mbaya. Alihangaika zaidi ya miaka 10 akiwatafuta wagonjwa wengine na familia zao, mpaka mwezi Novemba 2018 kampuni ilipoomba radhi hadharani na kukubali mpango wa fidia.

Ninayasimulia haya kwa sababu ya jambo moja. Kila mwanamke kati ya hao, alipokuwa peke yake, alikuwa na maelezo yake: nimeugua, nimerogwa, nina mkosi, Mungu hakupenda. Walipokaa na kuhesabu pamoja ndipo ikaonekana kwamba msiba wa kila mmoja una mzizi mmoja, na mzizi huo uko kazini. Kama wangeendelea kunyamaza, kila mmoja angekufa na siri yake na kemikali zile zingeendelea kutumika.

Na huku kwetu?

Huku kwetu wengi hatutengenezi chipu. Dada zetu wanaandika programu katika kampuni changa za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Wanapokea simu za wateja wa mitandao ya simu. Wanakaa kwenye vibanda vya kutuma na kupokea pesa kuanzia alfajiri hadi usiku. Wengine wanatengeneza simu, na wengine wanaifundisha akili mnemba kwa kuweka alama kwenye maelfu ya picha. Zote hizi ni kazi za teknolojia, hata kama tumezoea kulitumia jina hilo kwa mwenye kompyuta mpakato na kikombe cha kahawa tu.

Madhara ya kazi hizi yapo, ila hayaonekani kama moshi wa kiwandani. Jijini Nairobi, watu waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya wakala walikwenda mahakamani. Kazi yao ilikuwa kutazama, saa baada ya saa, picha na video za mauaji, ubakaji na ukatili kwa watoto, ili wewe na mimi tusizione. Desemba 2024, ripoti ya mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyowasilishwa mahakamani ilieleza kwamba zaidi ya 140 kati yao walikutwa na ugonjwa wa akili unaofuata mshtuko mkubwa. Mgonjwa wa namna hii hukosa usingizi, hushtuka ovyo na huiona picha ileile tena na tena akiwa macho. Mwingine hushindwa kuwa karibu na mwenzi wake au hata kumkumbatia mtoto wake.

Walikuwamo wanaume na wanawake. Lakini mfikirie mama anayetazama mtoto akiteswa kwenye kioo saa nane usiku, kisha saa mbili asubuhi anamwogesha wa kwake, huku mkataba wa usiri ukimzuia kumweleza hata mumewe alichokiona. Huyo akianza kulia bila sababu, nyumbani watasema ana jini na kazini watasema hana uvumilivu.

Mambo madogo yanayozaa makubwa

Sasa tuje kwenye yale ya kila siku, ambayo hayafiki mahakamani wala magazetini.

La kwanza ni mkojo. Anayepokea simu za wateja akiwa amepangiwa idadi ya simu kwa saa, au aliye peke yake kibandani na fedha za watu, hujifunza kubana mkojo. Kisha hujifunza kutokunywa maji ili asibanwe. Mirija ya mkojo ya mwanamke ni mifupi na bakteria hawana safari ndefu. Kunywa maji kidogo na kubana mkojo kutwa kunawapa nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana wapo wanaotibiwa UTI, wanapona, na baada ya miezi miwili wanarudi palepale. Kwa mjamzito hali hii ni ya hatari zaidi, kwa kuwa maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuchochea uchungu kabla ya wakati. Unaweza kumwandikia dawa mara tano, lakini kama mpangilio wa kazi ni uleule, dawa ya sita inamsubiri.

La pili ni hedhi. Tumewalea mabinti wakiamini kwamba kuumwa ni sehemu ya kuwa mwanamke, basi wanameza vidonge viwili na kuingia kwenye kikao. Maumivu madogo ni ya kawaida. Maumivu yanayokulaza, yanayokutapisha au yanayokukosesha kazi kila mwezi si ya kawaida. Huenda ni fibroidi, ambazo huwapata zaidi wanawake weusi. Huenda ni endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, na ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Binti aliye mwanamke pekee kwenye timu ya wanaume 12 hawezi kusema kirahisi, "Leo natoka damu nyingi, naomba nifanyie kazi nyumbani." Anasema ana malaria. Akiumwa malaria kila mwezi, anaitwa mvivu.

La tatu ni mikono na miguu. Ganzi au kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na ujauzito huongeza uwezekano huo kwa sababu mwili hujaa maji. Kuhusu miguu, kukaa saa nyingi bila kunyanyuka hupunguza kasi ya damu, na mjamzito tayari damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usiukande kwa maji moto nyumbani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa pumzi nayo inakata, usisubiri hata saa moja.

La nne ni usingizi. Mifumo ya kompyuta hailali, na wateja wa ng'ambo huamka sisi tunapolala. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu mwaka 2007, na walipopitia ushahidi upya mwaka 2019 waliiacha hapohapo. Saratani ya matiti ni mojawapo ya zilizotajwa. Haina maana kwamba kila anayekesha ataugua. Ina maana kwamba zamu za usiku zisigawiwe kama peremende, na anayezifanya apimwe matiti, alipwe inavyostahili na apewe siku za kulipia usingizi. Mwaka 2021 shirika hilohilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Sasa mwongezee mwanamke huyo saa za kupika, kufua na kumsimamia mtoto masomo, ambazo hazimo kwenye hesabu ya mwajiri yeyote.

La tano ni lile lisilosemwa. Bosi anayetaka "mtoke kidogo" ndipo mkataba uongezwe. Mwenzako wa kazi anayetuma picha chafu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, kisha anasema huna utani. Mhandisi Susan Fowler alipoandika hadharani mwezi Februari 2017 yaliyompata ndani ya kampuni ya Uber, uchunguzi ulifanyika, zaidi ya wafanyakazi 20 wakafukuzwa, na mwezi Juni mwaka huohuo mkuu wa kampuni akajiuzulu. Hadi anaandika, alikuwa amekwisha kulalamika ndani ya kampuni na kuambiwa mambo ni madogo. Mwili hauoni kuwa ni madogo. Moyo huenda mbio kila Jumapili jioni, kichwa huuma, tumbo huvurugika, usingizi hupotea, na sonona huingia polepole mpaka mtu hajijui.

Hesabu ya siku 84

Kati ya yote hayo, lililo wazi kuliko mengine ni la mama anayenyonyesha, kwa kuwa hapo tunaweza kupiga hesabu.

Wataalamu wa afya tunamwambia mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6. Hakuna maji wala uji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Kama alitoka kazini wiki 4 kabla ya kujifungua, sheria inavyomruhusu, anabaki na wiki 8 za kukaa na mtoto. Miezi 6 ni kama wiki 26. Pengo lililopo hapo ni la wiki 18, na katika wiki hizo serikali moja inamwambia mama nyonyesha, na sheria ya serikali hiyohiyo inamwambia rudi kazini.

Sheria imejaribu kuliziba pengo hilo. Inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Lakini anyonyeshe vipi, ikiwa ofisi iko Posta na mtoto yuko Mbagala? Kinachobaki ni kukamua maziwa. Anakamulia wapi? Chooni. Tunamwambia mama aandae chakula cha mtoto wa miezi mitatu akiwa amekaa juu ya choo cha watu 40, huku kuna mtu anagonga mlango. Kenya iliona jambo hili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga mahali maalumu pa kunyonyesha na kukamua. Chumba chenyewe hakihitaji zaidi ya kiti, mlango wenye komeo, sehemu ya kunawa mikono na friji ndogo. Kampuni inayoweza kununua meza ya mchezo wa pool kwa ajili ya vijana wake haiwezi kushindwa na hilo.

Mama asiyepata nafasi ya kukamua, maziwa hujaa, titi huwa gumu na kuuma, homa hupanda, na wakati mwingine jipu huota. Maziwa yasiyotolewa nayo hupungua. Mtoto anaanzishiwa uji wa lishe akiwa na miezi mitatu, anaharisha, mama anaomba ruhusa ya kumpeleka hospitali, na mwajiri anasema, "Mnaona? Ndiyo maana sipendi kuajiri wanawake."

Hoja ya mwajiri

Namsikia mwajiri, na hoja yake ina uzito. Kampuni changa ina watu 6, fedha za mfadhili zinaisha Desemba, na mmoja kati ya wale 6 akitoka miezi mitatu ni pigo. Hayo ni ya kweli.

Ila amuulize mhasibu wake. Mfanyakazi aliyefundishwa mfumo kwa miaka miwili akiondoka moja kwa moja kwa sababu hakupewa saa mbili za kunyonyesha, ni nani atakayelipa gharama ya kumtafuta na kumfundisha mwingine? Pia asisahau kwamba Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti, lakini hawezi kulipata yule ambaye mwajiri wake hakuwahi kumwandikisha.

Hapa ndipo penye ujanja unaoniudhi zaidi. Kampuni nyingi za sekta hii hazimwajiri binti, zinampa mkataba wa "mtoa huduma" au "mshauri". Anakuja ofisini kila siku, anapangiwa saa, anatumia kompyuta ya kampuni, lakini karatasi inasema si mfanyakazi. Akipata ujauzito, mkataba hauongezwi. Hakuna aliyemfukuza, ameisha tu. Dada mwenye mkataba wa aina hiyo ajue kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii karatasi pekee. Kama mtu anasimamia namna unavyofanya kazi au saa zako, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, au unategemea kipato kutoka kwake, sheria inakuchukulia kuwa ni mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Wapo pia wanaosema kwamba teknolojia ni kazi ngumu, na asiyeweza joto atoke jikoni. Hao wakumbushwe kwamba kompyuta maarufu ya ENIAC ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, waliokuwa wakiipanga ifanye hesabu zake walikuwa wanawake 6. Uwezo wa mwanamke katika kazi hii haukuwahi kuwa na shaka tangu siku ya kwanza.

Ufanye nini kuanzia kesho

Anza na daftari. Andika tarehe, saa ulizofanya kazi, zamu za usiku, na dalili unazoziona. Ukienda kliniki, mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa saa ngapi, hata kama hakuuliza. Daftari hilo litamsaidia daktari, na siku likihitajika litakusaidia na kwingine.

Kunywa maji na uende chooni unapobanwa. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike. Kila saa nyanyuka utembee, hasa kama u mjamzito. Kioo kiwe usawa wa macho na viwiko vipate pa kuegemea.

Kama unakamua maziwa, yakikaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 hudumu saa 4, na kwenye friji hudumu hadi siku 4. Joto la Dar es Salaam mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo beba kibegi chenye barafu.

Mwarifu mwajiri kuhusu likizo ya uzazi kwa maandishi, angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Jua kwamba miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake hairuhusiwi kukupangia kazi ya usiku, na usiku kisheria unaanza saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, hilo ni kosa, na una siku 30 tu za kufikisha malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizimalize siku hizo ukilia chumbani. Na anayekutaka kimwili ili akupe kazi au mkataba, hiyo ni rushwa ya ngono, ni jinai kwa sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU ndiyo milango yake.

Baba nawe unayesoma hapa, sheria inakupa angalau siku 3 mke wako akijifungua. Zichukue, tena uzitumie nyumbani. Kisha uendelee: anayerudi saa tatu usiku kutoka kwenye zamu hahitaji kuulizwa chakula kiko wapi.

Na ninyi mnaofanya kazi ofisi moja, ongeeni. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Kaeni wawili au watatu wakati wa chakula cha mchana na mwulizane: na wewe UTI hairudi? Na wewe mimba ya kwanza ilitoka? Na wewe hulali? Mkikuta jibu ni lilelile, mnalo jambo la kupeleka kwa uongozi, kwa OSHA au kwa chama cha wafanyakazi. Mkikuta ni tofauti, kila mmoja atakuwa amepata wa kumsindikiza hospitali. Wanawake wa Massachusetts hawakuwa madaktari. Walihesabu tu, wakakataa kuambiwa ni mkosi.

Tunawahimiza mabinti zetu wasome sayansi na hesabu, na tunafanya vyema. Lakini hatuwezi kumsomesha binti kwa miaka 16 kisha tukampeleka mahali ambapo lazima achague kati ya figo zake, mtoto wake na mshahara wake. Mwenye uwezo wa kuitengeneza ofisi upya ni mwajiri. Aanze na komeo la mlango na kiti, mengine yatafuata.

Tukutane wiki ijayo.